Bichi tulivu Thailand mwezi wa nane: upepo unapiga upande gani?

Mkuu kwanza hongera kwa ndoa. Umeuliza kama mwezi wa nane unaweza kumpeleka wife Thailand siku kumi, mnataka bahari na utulivu, hamtaki makelele ya disko, mnakula halali, na watu washakutisha kwamba ni msimu wa mvua mtakaa hotelini mnaangalia dirisha. Mi nimeenda huko mara nne kwa biashara ya nguo, nachukua mzigo Pratunam pale Bangkok alafu nikimaliza nabaki siku kadhaa baharini, na mara zote nne zimeangukia kati ya mwezi wa saba na wa tisa maana ndo muda wa kuandaa mzigo wa mwisho wa mwaka. Kwahiyo hili la mvua nalijua kwa kulowa.

Nendeni, mtafurahi. Ila hao wanaokutisha na wanaokwambia "nenda tu Phuket" wote wanaongea kama vile Thailand ina bahari moja.

Iko hivi. Mi nimezaliwa Pangani, mzee wangu alikua mvuvi, na kule ukisema kusi imeanza kila mtu anaelewa, kuna siku ngalawa hazitoki na hakuna anayebishana na bahari. Sasa upepo huohuo unaotupiga sisi mwezi wa saba unavuka Ikweta, unakata kona, unaenda kuwapelekea Wahindi mvua zao, na ukiendelea mbele unaikuta Thailand ukitokea kusini magharibi. Na Thailand kule chini imekaa kama mkonga wa tembo, nyembamba ndefu, upande wa magharibi Bahari ya Andaman, upande wa mashariki Ghuba ya Thailand. Kwahiyo kuanzia mwezi wa tano mpaka wa kumi huo wa Andaman ndo unapigwa kifua wazi, Phuket, Krabi, Khao Lak, Koh Lanta, wakati wa Ghuba umejificha nyuma ya nchi kavu. Ikifika mwezi wa kumi na wa kumi na moja mambo yanageuka, visiwa vya Ghuba kama Samui ndo vinalowa haswa na Andaman inaanza kutulia. Mtu wa pwani akishaelewa hilo hahitaji kuambiwa kingine, anatafuta ufukwe ambao upepo umeupa mgongo.

Mi mara ya kwanza sikuuliza. Ilikua mwezi wa tisa 2017, nikaona chumba cha hoteli ufukwe wa magharibi wa Phuket bei nusu, nikalipa siku sita zile za hakuna kurudishiwa. Nafika, maji rangi ya chai ya maziwa, mawimbi yanavunjikia hapohapo mchangani, bendera nyekundu kila mahali. Bendera nyekundu kule sio mapambo mkuu, kuna mikondo inakuvuta kukupeleka mbali na ufukwe hata kama unajua kuogelea, na kila mwaka msimu huu inaua wageni. Nikasema basi niende visiwa vya Similan, kumbe vimefungwa, hifadhi wanaifunga kuanzia katikati ya mwezi wa tano mpaka katikati ya wa kumi. Maya Bay nayo, ile ya kwenye picha zote, siku hizi inafungwa mwezi wa nane na wa tisa. Siku sita nimeogelea kwenye bwawa la hoteli, na mvua yenyewe wala haikunyesha kutwa nzima, ilikua inakuja inakata, kilichoniharibia safari ni bahari.

Mwaka uliofuata nikauliza wenyewe. Dada mmoja ninayechukua kwake magauni Pratunam, nikamwambia nataka sehemu wanapoenda Wathai sio wazungu, akaniandikia kwenye karatasi ya risiti jina moja, Ban Krut. Iko mkoa wa Prachuap Khiri Khan, unapanda treni ya kusini asubuhi Bangkok, mchana uko pale. Siku hizi treni nyingi za mbali zinatoka ile stesheni mpya kubwa ya Krung Thep Aphiwat, sio Hua Lamphong ya zamani, usije ukapotea. Mkoa huo ndo nchi imebana kuliko kwengine kote, kutoka baharini mpaka mpaka wa Myanmar kuna sehemu ni kilomita 12 hivi tu, na hapo mpakani imesimama safu ya milima. Mawingu ya kusi yanamwaga upande wa Myanmar, yakivuka huku yameshakua mepesi. Ni kama Same na milima ya Upare, upande mmoja kijani upande mwingine vumbi.

Ufukwe wa Ban Krut ni mrefu, mchanga, minazi, na siku za kati ya wiki unaweza kutembea nusu saa usikutane na mtu zaidi ya mbwa. Bahari mwezi wa saba nliikuta imelala kama maji ya beseni asubuhi, jioni ndo inachezacheza kidogo. Jirani na nlipofikia kulikua na mama anaanika ngisi kwenye vichanja vya wavu, kawapanga mmojammoja wamefunguliwa kama kitabu. Kila mchana nlikua nashangaa anakuja kuwafunika na nailoni wakati juu ya bahari kweupe kabisa, nami nikitizama baharini kama tulivyozoea sioni wingu hata moja, na dakika kumi na tano baadae mvua inashuka. Siku ya tatu nikamfatilia macho anaangalia wapi, kumbe anaangalia mlimani, nyuma yetu. Mvua ya msimu ule inatokea nchi kavu kuja baharini, kinyume na kwetu. Toka hapo sikulowa tena, nikiona mlima umeingia giza naingia kwenye mgahawa naagiza chakula, nikimaliza kula imeshakata.

Na usiku ukikaa ufukweni utaona taa za kijani zimejipanga mbali kwenye upeo, nyingi, utadhani kuna mji. Hizo ni boti za ngisi, wanawavuta kwa mwanga. Mke wangu nlipompeleka 2023 alikaa anaziangalia mpaka saa tano usiku hataki kulala, na huyo ni mtu asiyependa bahari.

Kuhusu chakula, Ban Krut ni Wabudha, nguruwe yupo kwenye vingi, lakini samaki, kamba na ngisi wamejaa. Shika neno "muu" ndo nguruwe, unamwambia "mai sai muu", usiweke nguruwe. Sisi tulikula samaki wa mvuke na ndimu karibu kila siku, na wali. Ila kama wife ni mtu wa wasiwasi kuhusu sufuria limepikiwa nini, na wapo na wana haki, basi nina chaguo la pili.

Koh Yao Noi. Hii iko upande wa Andaman na najua nimekwambia usiende Andaman, ila hiki kisiwa kimekaa ndani ya ghuba ya Phang Nga, kati ya Phuket na Krabi, Phuket yenyewe inakikinga, mawimbi makubwa hayafiki. Karibu watu wote ni Waislamu, unaamka kwa adhana, chakula halali bila kuuliza, mashamba ya mpira, nyati wanalala kwenye madimbwi, hakuna baa zinazopiga ngoma. Unavuka kwa spidiboti kutoka gati ya Bang Rong, Phuket, nusu saa hivi. Mvua huko ni nyingi kuliko Ban Krut, tulipigwa siku mbili mfululizo, hilo nakwambia ukweli. Na maji yanakupwa mbali sana, yanabaki matope na mawe, kwahiyo unaogelea yakijaa tu, wewe wa Tanga hilo halikusumbui, angalia mwezi upo wapi panga siku zako. Wife akitaka kuogelea avae nguo za kusitiri, na hata asingekua Muislamu ningesema hivyohivyo, ni kijiji cha watu.

Samui na Koh Phangan hali ya hewa mwezi wa nane ni nzuri kweli, lakini ndo likizo ya Ulaya, vimejaa na bei imepanda. Kama lazima Phangan basi kaeni mbali na Haad Rin ambako kuna ile pati ya mwezi mpevu, nendeni Thong Nai Pan kule kaskazini mashariki.

Mambo madogo ambayo yanaharibu safari. Tarehe 12 Agosti ni Siku ya Mama kwao, sikukuu ya taifa, Bangkok nzima inahamia baharini, usiwe Ban Krut wikiendi hiyo. Konyeza wapo upande wa Ghuba, na kuna aina ya hatari sana, ukiona nguzo yenye chupa ya siki ufukweni ndo kazi yake, unamwagia siki usisugue na unakimbilia hospitali. Pikipiki mtakodishiwa kirahisi ila barabara inakua imelowa, na kama huna leseni ya pikipiki bima haitakulipa, mi nakodi baiskeli. Na kadi ya njano, chanjo ya homa ya manjano, Thailand wanaidai kwa watu wa kwetu, pale uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi unapita kwanza dawati la afya wanaigonga ndo unaenda foleni ya uhamiaji. Nimeona watu wanapanga foleni saa nzima alafu wanarudishwa.

Kwa siku zako kumi, ningekua wewe, siku mbili Bangkok mwanzoni, sita Ban Krut, mbili za kurudi taratibu mkishukia Prachuap mjini, ni kama saa moja kwa treni. Pale kuna ufukwe wa Ao Manao uko ndani ya kambi ya jeshi la anga, raia wanaruhusiwa, mnakatiza njia ya kurukia ndege, na mwisho wake kuna kima weusi wana duara nyeupe machoni kama miwani, wapole. Chumba usilipie siku zote mapema, lipia mbili za kwanza, msimu huu nafasi zipo, mkipapenda mnaongeza palepale mezani kwa mwenye nyumba.