Wadogo zangu wa field, lebo ya diski isiwe jina la folda

Kila msimu wa field nakutana na mstari uleule. Kijana anakuja, awe wa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, au chuo kingine, anakaa kwenye teminali anaandika `mkdir -p $LEBO`, yaani tengeneza folda kwa lebo, lile jina lililorekodiwa ndani ya diski, chini yake `cp -r` ya kunakili, halafu anairun kwenye DVD ya mteja huku anaongea na simu. Jana nimeuona tena. Jamani nawapenda, mnajifunza haraka na hamchoki, ila hizi diski tunazoletewa hapa mjini ni za harusi, send-off, kipaimara, mazishi, na nyingi hazina nakala nyingine popote. Kwa hiyo leo nawaandikia, na mtu akirudia baada ya hapa tutakaa chini mimi na yeye.

1. Lebo isomeni kwenye diski yenyewe. Kwenye Linux, `blkid`, komandi ya kusoma maelezo ya diski, ukiirun kama mtumiaji wa kawaida inaweza kukujibu kutoka kwenye kashe, kumbukumbu yake ya zamani, yaani umeshatoa diski ya kwanza umeweka ya pili, yenyewe bado inakutajia ile ya kwanza na wewe unaamini. Andikeni `blkid -p -o value -s LABEL /dev/sr0`, `/dev/sr0` ni draivu yetu ya DVD, na hiyo -p inailazimisha iende kuchungulia diski iliyopo. Ikikataa kwa sababu ya ruhusa msikimbilie sudo, mtumiaji aingizwe kwenye grupu ya cdrom yaishe. `lsblk -no LABEL /dev/sr0` nayo ipo, ila yenyewe inauliza udev, huduma ya Linux inayofuatilia vifaa, subirini draivu itulie kwanza. Mkiwa kwenye Windows `vol D:` inatosha kwa macho tu, kwenye skripti msianze kukatakata maneno yake maana Windows ya lugha nyingine inaandika sentensi nyingine kabisa, tumieni PowerShell, `(Get-Volume -DriveLetter D).FileSystemLabel`, inakupa lebo peke yake.

2. Jueni inakaa wapi, ili komandi zikigoma msibaki mnanitazama mimi. Mpangilio wa ISO 9660, mfumo wa faili wa diski hizi, upo tangu 1988 na haujifichi. Sekta moja ni baiti 2048, sekta 16 za mwanzo zimeachiwa mfumo, kwa hiyo ukihesabu kuanzia sifuri maelezo ya diski yanaanzia sekta ya 16, yaani baiti ya 32768. Hapo kuna baiti moja ya aina, kisha herufi CD001, ukisogea mpaka baiti ya 40 kutoka ile ya 32768 unaikuta lebo, urefu wake 32. Ndo maana hii inafanya kazi kwenye kompyuta yoyote ya Linux yenye dd, komandi ya kusoma baiti moja kwa moja:

`dd if=/dev/sr0 bs=1 skip=32808 count=32 2>/dev/null | sed 's/ *$//'`

Ile sed inaondoa nafasi za mwishoni, kwa sababu lebo fupi hujaziwa nafasi mpaka zifike 32, na hizo nafasi zikiingia kwenye jina la folda mtalitafuta mpaka jioni. Na CD001 isipoonekana mahali pake, simameni hapo hapo. Kingine, DVD za video huwa na mifumo miwili kwenye diski moja, ISO 9660 na UDF, kila mmoja na lebo yake na si lazima zifanane, kwa hiyo dd ikisema hivi na blkid ikasema vile msianze kubishana nani kakosea, wote wanaweza kuwa sahihi.

3. Jibu tupu nalo ni jibu. CD ya kwaya ya muziki mtupu haina mfumo wa faili, lebo itatoka wapi? blkid inanyamaza na kurudisha 2, wewe hukuangalia `$?` inayobeba hiyo namba, skripti inaendelea na `"$KAZI/$LEBO"` ambayo sasa hivi ni `$KAZI` yenyewe. Fikirieni kama mstari unaofuata ni wa kufuta. Wekeni `[ -n "$LEBO" ] || exit 1` kabla ya kitu kingine chochote, na alama za nukuu kwenye kila variabo, kila mara, maana mtu akiita diski yake HARUSI YA NEEMA bila nukuu mnapata folda tatu. Diski yenye vumbi pia inaweza kutoa jibu tupu, na Dodoma mwezi wa nane vumbi linaingia hata kwenye droo iliyofungwa, futeni kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, msizungushe.

4. Sasa hii. Diski mbili zinaweza kuwa na lebo moja. Mnaijua, nikiwauliza mnajibu vizuri tu, ila mkishika kibodi mnaisahau, kwa hiyo nawaambia ilivyonigharimu.

Wakati naanza hii kazi alikuja mama mmoja kutoka Kondoa na DVD ya harusi yake. Ilikuwa imechubuka, draivu ikiisoma inalia, inasimama, inaanza upya. Nilikesha nayo. Alfajiri faili zote zikawa zimeingia, VOB nne, zile faili za video za DVD, nikashukuru Mungu nikalala kidogo. Asubuhi akaja mteja mwingine na DVD nzima, safi, nikaitia. Skripti yangu ilisoma lebo ikakuta DVD_VIDEO, ikaenda kutengeneza folda ya DVD_VIDEO. Ya yule mama nayo ilikuwa DVD_VIDEO, kwa sababu mpiga video wa harusi hakai kuandika lebo, anaacha ile iliyokuja na programu yake. Folda ilishakuwepo, na `mkdir -p` ikikuta folda ipo haisemi kitu, ndo kazi yake. cp ikaingia. Na DVD za video zote duniani mnajua zina majina yaleyale ndani, VIDEO_TS, VTS_01_1.VOB, VTS_01_2.VOB, kwa hiyo zile mbili za diski mpya zikakaa juu ya mbili za mama, na ya tatu na ya nne zikabaki za kwake. Hakuna eraa hata moja iliyotokea. Skripti ikaunganisha VOB zote kuwa MP4 moja, nikaweka kwenye flash, nikampa yule mama, nikapokea na hela.

Alirudi. Hakugomba, aliweka flash mezani akasema, "Mwanangu, huyu bibi harusi wa mwanzo simjui." Tukaangalia pamoja. Karibu nusu nzima ni harusi ya watu wengine, halafu ghafla katikati ya wimbo inaingia ya kwake, wanakata keki. Kilichofutika kilikuwa kanisani na nyumbani kwao, pale baba yake anapotoa nasaha kabla hajamkabidhi, na baba yake alikuwa ameshafariki. Nikaitia tena ile diski yake. Haikusoma. Nikabadilisha draivu, nikapeleka kwa mafundi wengine, haikusoma, ule usiku ndo ulikuwa wa mwisho wake. Nilimrudishia hela yake, akaipokea kwa heshima yangu tu, na sauti ya baba yake haipo tena popote. Kwa hiyo mkiniona nawafokea kuhusu herufi mbili za `-p` ya `mkdir` msidhani nina gubu.

5. Folda inaitwa kwa namba yetu, ile tunayoiandika kwenye daftari na kwenye diski kwa kalamu ya wino wa maji. Lebo inaandikwa ndani kwenye faili la maelezo pamoja na UUID, namba ya kuitambulisha diski, ambayo kwa ISO 9660 blkid huitoa kwenye tarehe na saa zilizorekodiwa kwenye diski, kwa hiyo diski mbili za DVD_VIDEO mara nyingi utazitenganisha hapo. `mkdir` bila `-p`, ikigoma skripti ife. Na msitumie `cp -n` mkadhani mmepona, hiyo inaruka faili zilizopo na kuchanganya zilizobaki kimyakimya.

6. Diski iliyochubuka haianzi na cp. Chukueni picha nzima kwanza, yaani nakala ya diski yote kama ilivyo kwenye faili moja la ISO, `ddrescue -n -b2048 /dev/sr0 0417.iso 0417.map`, ile ramani inakumbuka ilipofikia hata umeme ukikatika, kisha lebo na mengine yote msome kwenye ISO, blkid inakubali faili kama inavyokubali draivu.

7. DVD iliyorekodiwa kwenye deki ya nyumbani ikaachwa bila kufungwa, kompyuta inaweza kuiona kama tupu. Mwulizeni mteja kama deki yenyewe bado anayo, aifungie huko, kabla hamjamwambia diski imekufa.

Skripti mpya ipo kwenye seva, folda ya zana. Ile ya zamani nimeifuta, na aliye na nakala yake kwenye laptop aifute leo kabla hatujafungua mzigo wa Mpwapwa.