Utafiti wa kupima mara moja: kwa nini usiandike "inasababisha"

Ndugu, nimekuelewa: unapima presha ya watu wazima na kuwauliza wanalala kwa muda wa saa ngapi kila usiku, vyote siku moja, na msimamizi wako ameikataa sentensi yako kwamba kulala kidogo kunasababisha presha. Yuko sahihi kabisa.

Utafiti wa aina hii ni picha ya mnato. Unaonyesha nani ana presha leo na nani analala kidogo leo. Hauonyeshi kipi kilitangulia. Huenda mtu aliugua kwanza, akaandikiwa dawa za kutoa maji mwilini, na sasa anaamka usiku kwenda haja ndogo. Hapo usingizi umepungua baada ya ugonjwa. Tena waliokwisha kufariki kwa presha hawamo kabisa kwenye dodoso lako. Andika "kuna uhusiano", basi.

Usivunjike moyo, maana kwa kujua ukubwa wa tatizo, muundo huu ndio wenyewe. Ila sampuli, yaani watu utakaowapima, ichukue kwa nasibu, kama kwa kura, kutoka kwenye jamii. Ukikaa kliniki utakutana na wagonjwa zaidi. Kama hujui tatizo limeenea kiasi gani, kwenye fomula ya kukokotoa idadi ya watu wa kupima weka asilimia 50, kosa linaloruhusiwa la asilimia 5 na uhakika wa asilimia 95: utapata watu 385. Ongeza wa kufidia watakaokataa.

Mtafute mtakwimu kabla hujakusanya data, si baada. Kibali cha kamati ya maadili nacho kitangulie. Na utakayemkuta na presha ya juu sana, mwelekeze kituo cha afya siku hiyo hiyo.