Sisi kina Patel hatukutoka kwa babu mmoja

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la juma hili linauliza: jina la ukoo wako lilitokana na kazi gani, na leo wanaolitumia ni akina nani na wako wapi? Mimi naitwa Patel, ni mzaliwa wa Mwanza, na swali hilo nimeulizwa kwa namna nyingine tangu utotoni. "Yule Patel mwenye duka la vipuri ni ndugu yako?" "Dokta Patel wa kule Arusha ni baba yako mdogo?" Karibu kila mara jibu ni hapana, na anayeuliza haniamini. Nashukuru kupata nafasi ya kulieleza kwa urefu.

Patel ni cheo. Ni cheo cha mkuu wa kijiji katika Gujarat, magharibi mwa India, na kazi yake kubwa ilikuwa kuhakikisha kodi ya ardhi ya kijiji chake inafika serikalini. Cheo hicho ni cha zamani sana. Hati za kale za Kisanskriti zinakitaja kwa umbo la pattakila. Upande wa kusini, kwa Wamarathi, jina lilelile likawa Patil, na mwenye jina hilo aliwahi kuwa rais wa India: Pratibha Patil, kuanzia 2007 hadi 2012. Kila kijiji kilikuwa na patel wake. Hakukuwa na sababu yoyote kwa mkuu wa kijiji hiki kuwa na undugu na mkuu wa kijiji cha mbali, kama ambavyo mabalozi wa nyumba kumi wa Igoma na wa Nyegezi, hapa Mwanza, hawakuwa lazima wazaliwe tumbo moja.

Patel ndiye aliyejua shamba lipi ni la nani, mpaka uko wapi, nani amevuna na nani mvua imemtupa. Pembeni yake alikuwapo talati, karani wa kijiji, aliyeandika kila kitu katika madaftari. Lakini aliyesimama mbele ya afisa wa serikali kujibu kwa nini kodi haijatimia alikuwa patel. Watawala walibadilika, Wamaratha waliokuwa wakitawala wakaondoka, Waingereza wakaingia mwanzoni mwa karne ya 19, na yeye akabaki palepale katikati. Mwaka wa njaa aliwatetea wanakijiji kwa serikali asubuhi, na jioni akawadai kwa niaba ya serikali hiyohiyo. Kwa taabu hiyo alipata heshima, kiti cha mbele, na mara nyingi nafuu katika kodi ya mashamba yake mwenyewe.

Wasomaji wa pwani watamtambua mtu huyu bila shida. Ni jumbe. Majumbe wa Mrima walikuwapo kabla ya Mjerumani, wakiwa wakuu wa miji na vijiji vyao kwa haki yao. Mjerumani alipokuja akawageuza mikono yake ya kukusanyia kodi, huku maakida wakiwa juu yao, na watu wakawaona kwa jicho jingine kabisa. Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 vilipozuka, maakida na majumbe walikuwa miongoni mwa waliolengwa. Tanganyika ilifuta utawala wa machifu mwaka 1963, lakini Jumbe, Akida na Mwinyi ni majina ya watu hadi leo. Cheo kikifa, jina hubaki kwa wajukuu.

Sasa tuje kwenye jambo linalonishughulisha mimi zaidi. Kama patel alikuwa mtu mmoja kwa kila kijiji, imekuwaje wenye jina hili wakafikia mamilioni? Jina la mhunzi au la mfinyanzi linaeleweka, maana anayefanya kazi hiyo humfundisha mwanawe, naye mwanawe huliendeleza. Ukuu wa kijiji hauwezi kugawanywa kwa watoto saba.

Jibu liko Charotar, nchi ya tumbaku na udongo mzuri katika wilaya ya zamani ya Kheda. Huko vijiji vingi havikulipa kodi kwa mkulima mmojammoja. Kijiji kizima kilikadiriwa kiasi kimoja, kisha koo zenye hisa katika ardhi zikagawana mzigo, kila ukoo na fungu lake. Utaratibu huo uliitwa narwa. Fungu la ardhi liliitwa pati, na mwenye fungu akaitwa patidar. Wenye hisa ndio waliotoa patel, tena kijiji kimoja kikubwa kiliweza kuwa na zaidi ya mmoja, mmoja kwa kila tawi la ukoo. Ndugu wote wa tawi hilo, hata yule ambaye hakuwahi kushika daftari la kodi maishani mwake, wakaanza kuitwa kwa cheo cha nyumba yao. Majina mengine ya jamii yetu, kama Amin na Desai, nayo yametoka katika vyeo vya ukusanyaji wa kodi.

Hilo ni nusu ya jibu. Nusu ya pili ni kupanda ngazi, na sioni aibu kuisema. Wakulima wa Gujarat wa tabaka letu waliitwa Kanbi, na neno hilo lilikuja kubeba dharau. Waliofanikiwa kwa tumbaku, pamba na biashara hawakulitaka tena. Wakajiita Patidar, wakaacha baadhi ya mila na kushika nyingine, wakaandika Patel mwisho wa majina yao. Katika sensa ya 1931 serikali ya kikoloni ikakubali kuwaandika Patidar badala ya Kanbi. Mtu ambaye babu yake alikuwa mlipakodi wa kawaida akawa Patel kwa hiari yake, na hakuna aliyemnyang'anya. Kwa maoni yangu hii ndiyo tofauti kubwa kati ya majina ya ufundi na majina ya cheo: la ufundi mtu hurithishwa apende asipende, la cheo watu hulikimbilia.

Halafu zikaja fomu. Kwa desturi Mgujarati hutaja jina lake, kisha la baba yake, na jina la mwisho halikuwa na uzito sana nyumbani, kwani kijiji kizima kilimfahamu. Vallabhbhai Jhaverbhai Patel maana yake ni Vallabhbhai mtoto wa Jhaverbhai. Bandarini, shuleni na kwenye ofisi za uhamiaji karani alitaka jina la tatu, na wengi waliokuwa nalo wakawa na hilohilo moja. Wasafiri wa meli moja, kutoka vijiji tofauti, walishuka Mombasa wote wakiwa Patel kwenye karatasi.

Na si wote ni Patidar. Wamo Wakoli, tabaka jingine la Gujarat, wanaotumia jina hili. Wamo Waparsi, wafuasi wa dini ya Zoroasta. Wamo Waislamu wengi, hasa wa upande wa Bharuch, ambao nao vijiji vyao vilikuwa na wakuu wake. Ahmed Patel, mwanasiasa mkubwa wa chama cha Congress aliyefariki mwaka 2020, alikuwa Mwislamu wa huko. Ajaz Patel, mzaliwa wa Mumbai anayechezea New Zealand kriketi, ni Mwislamu pia. Desemba 2021 aliwatoa wachezaji wote kumi wa India katika zamu moja, tena katika mji aliozaliwa. Kwa hiyo jina hili halikuambii dini ya mtu. Halikuambii hata kazi ya wazee wake walipofika kwetu. Wapatel wa Kutch, huko huko Gujarat, kutoka vijiji vinavyouzunguka mji wa Bhuj, walikuja Afrika Mashariki wakiwa waashi na wajenzi, na nyumba nyingi za mawe za Nairobi ni kazi ya mikono yao. Wale wa Charotar walikuja zaidi kuwa makarani, wakuu wa stesheni, walimu na wafanyabiashara.

Kilichowasukuma kutoka Charotar hakikuwa tamaa tu. Mwaka 1899 mvua zilikosekana, na njaa iliyofuata bado inakumbukwa kwa jina la Chhappaniyo, yaani ya hamsini na sita, kwa sababu kalenda ya Kihindu ilikuwa imefika mwaka wa 1956. Tauni ilikuwa imetangulia. Wakati huohuo upande wa pili wa bahari reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ilifika ziwani Kisumu mwaka 1901. Vibarua waliotandaza mataruma walikuwa wengi wao Wapunjabi. Kina Patel walifuata pale reli ilipohitaji watu wa kuandika na kuhesabu, kazi ambayo wazee wao walikuwa wameizoea tangu enzi za madaftari ya kodi.

Naomba hapa nisahihishe jambo moja kwa upole. Watu wengi humwita Mhindi yeyote Patel, wakidhani ni kabila. Si sawa. Kina Madhvani na kina Mehta wa sukari ya Uganda ni Walohana, jamii ya wafanyabiashara Wahindu. Kina Karimjee ni Mabohora, Waislamu wa Kishia. Wale Shah wengi wa Nairobi na Thika ni Waoshwal, watu wa dini ya Kijaini, kutoka Jamnagar. Kila jamii ina historia yake na maumivu yake, na inauma kuona zote zikitupwa kwenye kapu moja.

Mimi nilikuwa Patel kabla ya kuolewa, na baada ya kuolewa nikabaki Patel. Nilipokwenda kubadilisha nyaraka katika ofisi moja, karani alinitazama kwa huruma akauliza, "Dada, umeolewa na kaka yako?" Ukweli ni kwamba sisi hatuoi kijijini kwetu hata kidogo, kwa kuwa kijiji ni ukoo. Mwenzi hutoka kijiji kingine, lakini ndani ya duara la vijiji vinavyooana. Duara maarufu kuliko yote Charotar ni la vijiji sita: Nadiad, Karamsad, Vaso, Dharmaj, Sojitra na Bhadran. Ndiyo maana Wapatel wawili wakikutana, London au Lusaka, hawaulizani jina. Swali la kwanza ni, "Kijiji chenu ni kipi?" Jina limeacha kumtambulisha mtu, kazi hiyo imechukuliwa na kijiji. Duara hizo zilileta pia mahari kubwa, ambayo kwetu ilitolewa na upande wa binti, na majivuno juu ya vijiji "vidogo", na mabinti ndio walioumia zaidi. Vijana wengi sasa wanazipuuza, na mimi nawaunga mkono.

Kuhusu hesabu, Marekani ndiko takwimu za majina zinakotolewa wazi. Sensa yao ya 2000 iliwahesabu kina Patel 145,066, wakawa wa 172 katika orodha ya majina ya nchi nzima. Mwaka 2010 walikuwa 229,973, nafasi ya 95. Jina Smith, la wahunzi wa Kiingereza, lilikuwa la kwanza kwa watu 2,442,977. Ongezeko letu lilitokana na sheria ya uhamiaji ya 1965, iliyofungua mlango kwa Waasia, na wengi waliopita mlango huo walinunua moteli za barabarani, familia nzima ikiishi nyuma ya mapokezi na kufua mashuka yenyewe.

Uingereza ni habari nyingine, maana huko njia ilipitia kwetu. Mwaka 1962 Kenya ilikuwa na Waasia zaidi ya 176,000; sensa ya 2019 iliwapata takriban 90,000, raia na wasio raia pamoja. Waliondoka hasa kuanzia 1967 na 1968, sheria za vibali vya kazi na leseni za biashara zilipobana upande mmoja, na Uingereza nayo ikaharakisha sheria ya kuwafungia mlango mwaka 1968. Kwetu Tanzania wengi waliondoka baada ya majengo kutaifishwa mwaka 1971. Mwaka uliofuata, Agosti, Idi Amin akawapa Waasia wa Uganda siku 90 wawe wameondoka. Halmashauri ya mji wa Leicester ilitangaza katika gazeti la Uganda kuwaomba wasije. Walikuja, na leo Leicester haielezeki bila wao. Wazazi wa mwigizaji Dev Patel, aliyezaliwa London mwaka 1990, ni wazaliwa wa Nairobi. Dipak Patel aliyechezea New Zealand kriketi naye alizaliwa Nairobi, mwaka 1958.

Na wapo waliobaki wakaweka maisha yao hapa. Ambu Patel, fundi wa kujalidi vitabu Nairobi, alipigania Jomo Kenyatta afunguliwe wakati ambapo kutamka hivyo kulikuwa hatari. Natamani watoto wetu wafundishwe jina lake shuleni.

Ila Patel ninayemwonea fahari kuliko wote ni yule Vallabhbhai niliyemtaja juu, mpigania uhuru wa India. Mwaka 1918 mazao ya Kheda yaliharibika na serikali ikadai kodi kamili. Yeye na Gandhi waliwaongoza wakulima kukataa kulipa. Mwaka 1928, huko Bardoli, kusini mwa Gujarat, kodi ilipopandishwa, akaongoza mgomo mkubwa zaidi, na wengi wa mapatel wa vijiji, wale wakusanyaji kodi wenyewe, walijiuzulu vyeo vyao ili kusimama na majirani zao. Huko ndiko alikopewa jina la Sardar, yaani kiongozi. Jina lililotokana na kukusanya kodi lilibebwa na mtu aliyewafundisha wakulima kuikataa, na kila nikisoma habari za wale waliorudisha madaraka yao nasikia kifua kimejaa.

Historia haikuishia hapo. Agosti 2015 mamia ya maelfu ya Wapatidar walijaa Ahmedabad wakiongozwa na kijana Hardik Patel, wakitaka jamii yao iandikwe miongoni mwa zilizo nyuma ili ipate nafasi za vyuo na kazi za serikali. Babu zao mwaka 1931 waliomba kuandikwa juu zaidi. Wengine huwacheka, mimi siwacheki. Shamba lililogawanywa kwa vizazi vinne halimlishi mtu, hata awe na jina la mkuu wa kijiji.

Kama gazeti lina nafasi katika matoleo yajayo, ningependa kusoma barua za kina Jumbe, Akida na Liwali. Nataka kujua kama kwao pia jina lilichukuliwa na ukoo mzima au lilibaki kwa watoto wa mwenye cheo peke yao, na kama wakikutana ugenini wanaulizana mji.

Msomaji wenu,
Mwanza