Wimbo si wako? Uimbe hivyo hivyo

Dada mmoja anayeimba na bendi ya hoteli kule Nakuru ameniandikia kwa uchungu. Meneja wake amemwambia yeye si msanii, ni mpiga kopi tu, kwa kuwa hajatunga hata wimbo mmoja. Mdogo wangu, maneno hayo nayajua. Prodyuza mmoja hapa Nairobi aliniambia hayo hayo mbele ya vijana wangu wa bendi, na nikikumbuka roho bado inaniuma. Lakini leo naimba muziki wa country kila Ijumaa na meza zinajaa.

Aliyenipa nguvu ni Linda Ronstadt, mwimbaji wa Marekani. Albamu yake ya Heart Like a Wheel ilitoka Novemba 1974 ikiwa na nyimbo 10, na hakutunga hata mmoja. You're No Good ni wa Clint Ballard Jr., na Betty Everett alikuwa ametamba nao tangu 1963. When Will I Be Loved ulikuwa wa Everly Brothers, ndugu wawili waimbaji. I Can't Help It ni wa Hank Williams, aliyefariki 1953. Hata wimbo uliobeba jina la albamu ni wa Anna McGarrigle wa Kanada. Basi albamu hiyo ikashika namba 1 Marekani, You're No Good nao ukashika namba 1 Februari 1975, na ule wa Hank Williams ukampa tuzo ya Grammy ya mwimbaji wa kike wa country. Nani alimdai daftari la utunzi?

Isikilize You're No Good kwa makini. Anaanza kwa sauti ya chini, kama mtu anayezuia hasira, halafu kwenye kiitikio anaiachia. Ikikaribia mwisho ananyamaza kabisa, anawaachia wapiga gitaa na fidla wamalizie. Wengi wetu pale tungejaza mbwembwe! Kwenye I Can't Help It anamkaribisha mwimbaji mwenzake Emmylou Harris kuitikia, na sauti zao zinakwenda pamoja bila mmoja kumfunika mwenzake. Mimi pale ndipo nilipojifunza kuimba.

Kwa hiyo dada, chagua wimbo unaokugusa. Usiuchague kwa sababu wateja wameuomba, chagua unaokugusa. Waambie wapiga vyombo washushe au wapandishe kii, yaani kimo cha sauti cha wimbo, mpaka sauti yako itulie. Usimwige mwenye wimbo. Mtaje mtunzi jukwaani, hiyo ni heshima yake. Na usingoje kibali cha meneja wala prodyuza, maana sauti haidumu: mwaka 2013 Ronstadt mwenyewe alitangaza kwamba maradhi yamemnyima uwezo wa kuimba. Wewe unayo sasa. Acha kujibishana na meneja, kaa na mpiga gitaa wako, mtafute kii ya wimbo mmoja tu, na Jumamosi uimbe.