Provenansi, metadata, masta faili: aanzie wapi aliyekabidhiwa boksi la picha za zamani?

Swali: Kaka habari za Kigoma. Mi ni mkutubi hapa Tabora mjini, kuna familia imetuletea boksi la picha na barua za zamani, tumeshaskani kama 600 hivi ziko kwenye laputopu. Sasa kijana wa IT ananiambia niweke metadata, provenansi, masta faili, cheksamu, mi naona giza tu. Nianzie wapi?

Jibu: Mwangaluka dada, na hongera kwa kulipokea hilo boksi, maana mengi yanaishia kuwashia jiko.

Anza na provenansi, hiyo ukichelewa hairudi. Ni habari ya kitu kimetoka wapi, kilikuwa kwa nani na kimepita mikono ya nani mpaka kufika kwako. Hao waliokuletea si bado wapo? Basi wiki hii hii nenda kakae na mzee wao, peleka picha, uliza huyu nani, hapa wapi, nani alipiga, andika kila kitu hata anaposema sina hakika. Na kama nyuma ya picha kuna maandishi skani na nyuma, wengi wanasahau. Boksi lenyewe usilipange upya kabla hujaandika lilivyokuja, maana barua iliyofungwa pamoja na picha fulani ilifungwa kwa sababu.

Metadata ni maelezo ya kile kitu, ndo zile kadi zetu za katalogi za zamani ila sasa ziko kwenye kompyuta. Wengi tunatumia Dublin Core, yaani orodha ya kawaida ya vipengele vya kuelezea kitu, ina vipengele 15, ilianzia kwenye mkutano wa 1995 mji wa Dublin jimbo la Ohio kule Marekani, sio Dublin ya Ireland. Huhitaji kujaza vyote, jaza jina, mtunzi, tarehe, mada, maelezo, haki. Tarehe anza na mwaka, 1958-01-21, hapo kompyuta itazipanga yenyewe.

Sasa kwenye majina ndo naomba uwe makini kuliko kote. Tabora hiyo hiyo kwenye maandishi ya Burton, yule msafiri Mwingereza wa karne ya 19, inaitwa Kazeh, kwingine utakuta Unyanyembe, huku kwetu Ujiji utaikuta imeandikwa Udjiji, na meli yetu ya Liemba ilipewa jina hilo 1927, kabla ya hapo ilikuwa Graf von Goetzen. Ukiandika leo hivi kesho vile, mtu akitafuta Tabora atapata picha 40 na zingine 15 atazikosa wakati unazo humo humo ndani. Kwa hiyo chagua jina moja rasmi, andika orodha yake pembeni, majina mengine yaweke kama majina mbadala, na kila anayekusaidia aifuate hiyo orodha.

Masta faili ni ile nakala kubwa usiyoigusa, hifadhi kwa TIFF, aina ya faili inayotunza ubora wote, picha ndogo ndogo skani kwa dpi 600, yaani nukta 600 kwa kila inchi. Ya kuwapa watu ni JPEG, iko nyepesi, ila kila ukiihariri na kuisevu inapoteza ubora kidogo, ndo maana haifai kuwa masta. Cheksamu ni namba ambayo kompyuta inaikokotoa kutoka kwenye faili, ni kama alama ya kidole ya faili hilo, ikibadilika ujue faili limeguswa au limeharibika. Weka nakala tatu, moja iwe jengo lingine kabisa.

Haki nayo usiiruke: familia kuwa na picha haimaanishi wana hakimiliki, wakati mwingine ni ya mpiga picha, kwa hiyo andika nani kakuruhusu na kakuruhusu nini, akusainie kabisa.

Programu za maktaba za kidijitali kama DSpace au Greenstone ziache kwanza. Kwa picha 600 Excel inatosha kabisa, picha moja mstari mmoja, na ukiwa na safu zilizonyooka kuhamishia huko baadaye ni kazi ndogo. Jaza 20 za kwanza unitumie nizipitie kabla hujaendelea na zilizobaki.