Mwanangu, usingoje nyumba itulie

Kibuye, Kisumu

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa Jumapili usiku niliupata, nami nimeurudia mara nyingi nikiwa kwenye cherehani. Umeniambia msichana wa kazi alienda kwao Molo na sasa hashiki simu, maji huko kwenu Kaptembwo, Nakuru, yanafunguliwa siku mbili tu kwa wiki, stima inapotea ukishafungua vitabu, mtoto anaota meno, na mtihani wako wa uhasibu, CPA, wa Desemba unakuja mbio. Kisha ukauliza: "Mama, wewe ulikuwa unafanyaje? Sisi watoto tulikuwa miguuni pako kutwa na nguo za watu zilikuwa zinatoka." Nakujibu kwa maandishi maana kwenye simu tunaishia kwenye habari za mjukuu wangu na kadi inaisha.

Umesema ukipata wiki moja tulivu utashika masomo vizuri. Mama, wiki hiyo usiingoje. Mimi hapa sokoni sijawahi kuiona. Januari ni sare za shule, Aprili ni mvua na matope mpaka mlangoni, Agosti ni harusi, na Desemba wanafika wa kutoka Nairobi, kila mmoja anataka nguo yake kabla ya Krismasi. Na pale nilipodhani nimeijua kalenda yangu, ukaja mwaka 2020. Shule zikafungwa Machi, sare nilizokwisha kushona zikabaki kwenye rafu, kafyu ikaanza, tukawa tunashona barakoa. Unakumbuka mambo yalivyovurugika baadaye: mwaka wa masomo wa 2021 ulianza Julai, wa 2022 ukaanza Aprili, na ni 2023 ndipo shule zilipoanza mwaka wao Januari kama zamani. Fundi aliyekaa kungoja mambo yarudi sawa alifunga kibanda. Tuliobaki tulijifunza kufanya kazi katikati ya vurugu hizo hizo.

Sasa nikuambie nilivyofanya, kwa sababu naona hakuna aliyewahi kukueleza, hata mimi.

Kazi za fundi hazilingani. Kuna kukata, kuna kushona, na kuna kumalizia. Kukata ndiko kunakotaka akili yote. Umetandika kitambaa cha mtu, umepiga chaki, unasoma vipimo kwenye daftari, unakumbuka kuacha nafasi ya mshono na ya pindo. Mkasi ukishapita, hakuna kurudi. Ndiyo maana sikukata kitambaa hata siku moja huku mteja amesimama mbele yangu anapiga hadithi. Nilikata asubuhi soko likiwa bado linafungua, kabla kelele za makondakta wa Kondele hazijashika moto. Kushona ni tofauti. Unaweza kusalimia watu, unaweza kunyamazisha mtoto, unasimama na kuendelea. Na vifungo, pindo za mkono, kutoa nyuzi, hizo nilizifanya hata gizani karibu na taa ya chemni, ninyi mkinisomea kazi zenu za shule.

Wewe unachanganya hizi zote. Unafungua somo la kodi, ambalo mwenyewe unasema ndilo gumu kuliko yote, saa tatu usiku, umechoka, mtoto analia, taa zinapepesa. Huko ni kukata kitambaa sokoni Jumapili mchana, na unajua Jumapili ya Kibuye ilivyo. Halafu ile nusu saa ya asubuhi unayofika ofisini kabla ya wenzako, unasema huwa unapitia simu. Hiyo ndiyo saa yako ya kukata! Beba somo la kodi liende huko. Maswali ya mitihani iliyopita, yale ambayo njia yake umeshaielewa, fanya wakati wa chakula cha mchana au jioni mtoto akicheza. Kunakili fomula na kupanga karatasi, weka usiku ukiwa umechoka.

Watu watakuambia uamke saa kumi alfajiri. Wengine inawafaa. Wewe una mtoto anayekuamsha usiku kucha kwa meno, na kuiba hiyo saa moja ya usingizi iliyobaki ni kujimaliza. Usikubali.

Jambo la pili ni namna ya kuacha kazi. Kukatizwa utakatizwa tu, hilo lisikusumbue. Mteja akija, mimi sikuruka kutoka kwenye kiti. Nilimalizia mshono mpaka kwenye kona, nikashusha sindano ndani ya kitambaa kisiteleze, nikapiga mshale wa chaki kuonyesha ninakoelekea. Na kama nilikuwa nafunga kibanda, nilibana kikaratasi kwenye furushi: "mkono wa kushoto, kisha kola." Asubuhi sikukaa kujiuliza nilifika wapi. Nilikaa, nikasoma, nikakanyaga.

Kuna mwalimu wa chuo, mteja wangu wa vitenge, aliyeona vile vikaratasi akaniambia jambo hilo limeandikiwa na wataalamu. Mwanasaikolojia mmoja, Bluma Zeigarnik, aliandika mwaka 1927 kwamba kazi iliyokatizwa hung'ang'ania akilini kuliko ile iliyokwisha. Na mwaka 2011 watafiti wawili wa Marekani, E. J. Masicampo na Roy Baumeister, walionyesha kwamba mtu akishaweka mpango kamili wa jinsi atakavyoimalizia kazi, akili humwachilia hata kama kazi yenyewe bado. Nilifurahi sana kusikia hayo, maana nayajua kwa mwili wangu. Usiku ambao sikuandika kikaratasi, nililala nikishona.

Kwa hiyo mtoto akilia, usifunge kitabu tu ukaondoka. Andika mstari mmoja pembeni kwa penseli: hatua inayofuata ni ipi. "Swali la tatu, rudisha gharama zisizoruhusiwa kwenye faida, kisha piga kodi." Mstari huo utakuokoa robo saa kila unaporudi, na tena utamshika mtoto ukiwa naye kweli.

Sasa kuhusu maji. Siku ya maji ni siku ya maji. Usiipangie kusoma halafu ulale ukijilaumu. Jaza mitungi, fua, osha nyumba, pika maharagwe ya siku tatu, na somo liwe sifuri siku hiyo bila majuto. Zile siku nyingine zitakuwa nyepesi kwa sababu hiyo.

Hapa nitasema kwa nguvu kidogo, unisamehe. Umebeba ahadi nyingi mno. Wewe ni katibu wa chama, uko kwenye kamati ya harusi ya binamu yako, kanisani wamekupa hesabu za akina mama kwa kuwa wewe ni mtu wa uhasibu, na kila mtu mtaani akipata shida na ritani za kodi anakuja kwako jioni. Unajua sifa ya mafundi wa nguo: "njoo kesho." Wengi wao si waongo. Wamepokea kazi ya watu thelathini na mikono ni miwili. Mimi Januari nilikuwa nakataa. Mama anakuja na kitambaa cha sare na pesa mkononi, nami nina watoto wa kulisha, namwambia mwezi huu nimejaa, nenda kwa jirani yangu pale. Iliniuma, lakini walionipa kazi walipata nguo zao siku niliyoandika kwenye daftari, na mwaka uliofuata walirudi.

Mwambie mwenyekiti wa chama akutafutie mtu mpaka Januari. Waambie wa harusi utatoa mchango na utafika siku yenyewe. Hao wa ritani waende Huduma Centre, kile kituo cha huduma za serikali hapo mjini, wanahudumiwa.

Na mumeo umwambie waziwazi, si kwa kununa. Mwambie Jumanne na Alhamisi kuanzia saa moja hadi saa tatu usiku mtoto ni wake, chakula ni chake. Baba yako hakujua kupika ugali mpaka nilipougua, na akaupika. Mwanaume anajua akiachiwa. Wewe usisimame mlangoni ukimwelekeza.

Shule zikishafungwa mwisho wa mwaka, mimi hupata nafasi kidogo kabla ya kuanza kushona sare za Januari. Nitakuja Nakuru kumchukua mtoto, nikae naye huku Kisumu mpaka umalize karatasi ya mwisho. Niandikie tarehe za mtihani wiki hii, nami nipange. Weka nguo zake za baridi, na ile dawa ya ufizi unayompaka, sijui kama hapa nitaipata.

Nakupenda sana.

Mama yako