Nyumba ya benki imegeuka kichaka

Dada uliyeuliza mfanyeje na nyumba iliyoshikwa na benki kwa deni hapo Uyole, Mbeya, ikabaki tupu na kujaa majani, msivunje kufuli, mtaitwa wavamizi. Nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa suala liingie kwenye muhtasari wa kikao, barua iende benki, na ulinzi shirikishi waipitie usiku maana mabati na nyaya ndo vinaanza kusepa. Sie huku Iyunga tulifyeka uwanja tu, ndani hatukugusa. Kukaa muda bila kuuzwa wala usishangae, Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka mwenza aridhie kabla nyumba ya familia haijawekwa rehani, sasa mke akisema mi sikusaini anakimbilia mahakamani, zuio likitoka dalali anakunja karatasi zake za mnada anaondoka, kesi yenyewe ndo hiyo inapigwa kalenda weee.